Aliombwa Mchumba, Akatoa

“Maji sinywi,” alisema Nei Tiebane, huku akipanda juu ya buia, lile jukwaa la miti la kuketi, na kukunja miguu kwenye mkeka. “Nimekuja na bubuti.”

Rakera hakuinua kichwa. Alikuwa ameibana ndoano kwenye kibanio, anaivika manyoya meupe ya jogoo ili ikizama majini ifanane na kamba mdogo. Mtu akikujia na bubuti huna pa kwenda. Ombi lile halikataliwi. Ukilikataa huaibiki peke yako: watasema mama yako alizaa mchoyo, na bibi yako naye atakumbukwa kuwa aliwahi kuficha nazi.

“Sema, shangazi,” Rakera alijibu. “Kama ni cherehani, beba. Ila pedali yake inakwama.”

“Si cherehani.”

“Nguruwe? Yule dume amekonda, nakwambia mapema usije ukanilaumu.”

“Nakububuti Biribo.”

Pale jikoni, Nei Kaiue, mpishi wa kambi ya wavuvi, alikuwa anapara samaki. Kisu kikasimama.

Rakera akacheka. “Biribo ni mtoto wa kaka yako. Mtu anaombaje kitu chake mwenyewe?”

“Nakuomba umwache. Usiolewe naye.”

Manyoya yalimponyoka Rakera mkononi, upepo ukayapeleka kwa kuku, nao wakayakimbilia wakidhani ni chakula. Harusi ilikuwa imebaki wiki sita. Gauni lilishashonwa, limening'inia ukutani mwa chumba chake hapo kambini, limefunikwa shuka. Biribo mwenyewe alimchumbia kule Paris. Nanyi msione makubwa: Paris yetu hapa kisiwani ni minazi, kaa na magofu mawili, ng'ambo tu ya maji ukitoka kijiji chetu cha London, na London yenyewe ina maduka manne. Lakini alipiga goti mchangani, akapigwa na wimbi la mgongo, wakacheka mpaka samaki wote wakakimbia.

“Kwa nini, shangazi? Nimekosa nini?”

“Hukukosa. Marehemu baba yake aliahidi watu wa kijiji cha Banana kwamba Biribo atamwoa binti yao, Akinete. Ni ahadi ya mfu, mwanangu. Ukoo mzima haulali.”

“Biribo anajua?”

“Hajui, wala asijue kwamba nimekuja hapa. Akijua atagombana na sisi wote, atahama kisiwa. Wewe mwambie tu umebadili moyo. Basi.”

“Nimwambie uongo?”

“Nakububuti,” Nei Tiebane alirudia, akainamisha kichwa. Mwanamke wa miaka sitini na tano akikuinamishia kichwa, wewe binti wa ishirini na saba utafanya nini?

Nei Kaiue alitoka na kisu chake, magamba yamemjaa mpaka kwenye nyusi. “Rakera, usijibu leo. Mwambie arudi Jumapili.”

“Wewe para samaki,” Nei Tiebane akamkata. “Hujaombwa wewe.”

“Mimi ningeombwa, ungeondoka hapa unachechemea!”

Rakera alishuka kwenye buia, akasimama, akakaa tena. Aliangalia baharini, akaangalia kuku, akatafuta mahali pa kuweka macho asipate.

“Haya,” akasema. Sauti ilikuwa ndogo kama ya mtu anayeongea usingizini. “Chukua.”

Nei Tiebane aliondoka upesi kuliko alivyokuja. Nyuma ya tangi la maji ilisikika pikipiki ikiwashwa. Nei Kaiue akasonya.

“Mtu ameombwa mchumba, ametoa! Hata sufuria yangu ukiniomba lazima nikuulize utairudisha lini.”

Ujumbe aliuandika jioni ile ile, akaufuta mara saba. Wa nane akautuma:

“Biribo, nimefikiri sana. Sitaki tena kuolewa. Usiniulize sababu. Nisamehe.”

Akaishika simu kwa mikono miwili. Alijua atapiga. Kwa anavyomjua Biribo, atakuja mbio, pikipiki ataitupa uani bila kuizima, atapiga kelele mpaka mbwa wajifiche. Naye alikuwa ameshapanga uongo wake, amejifundisha hata sura ya kuutolea.

Wali ukawekwa jikoni, ukachemka, ukakauka. Simu ikalia mara moja tu: ujumbe.

“Sawa. Mungu akubariki.”

“Lete nione,” Nei Kaiue alimnyang'anya. Akasoma, akageuza simu kana kwamba maneno mengine yameandikwa mgongoni. “Ndiyo hii tu?”

“Ameumia, Kaiue. Ameumia mpaka maneno yamemwisha.”

“Mwanamume aliyeumia haandiki nukta mwishoni.”

“Wewe humjui.”

“Haya. Mimi najua samaki.”

Basi Biribo akatembea na msiba wake kisiwa kizima. Kanisani aliketi nyuma, kichwa chini. Akiulizwa na wenzake, alisema, “Msimseme vibaya. Moyo wa mtu haulazimishwi,” nao wakazidi kumsema. Siku nne mama yake Rakera alimpa mwanawe chakula kama anayelisha mgeni asiyemtaka. Wanawake wa kwaya waliutandaza mkeka wao pakatosha watu wanane, wakaketi saba, wala hakuna aliyemwambia Rakera njoo.

Rakera aliibeba lawama yote. Kazini alikuwa mwongozaji mwanamke pekee kambini. Anatembeza wageni kwenye maji ya magoti juu ya mwamba, anawaonyesha samaki ambao macho yao ya mjini hayawaoni, wao wanatupa mshipi. Siku hizo aliomba apangwe boti tofauti na Biribo, mwongozaji mwenzake. Lakini kila asubuhi, kabla ya wenzake kuamka, aliweka ndoano tatu mpya kwenye kikopo cha Biribo gatini. Alizivika manyoya vizuri kuliko za mtu yeyote. Biribo alizichukua, akazitumia, hakuuliza zimetoka wapi.

Wiki ya sita, Jumatano, Nei Tiebane akarudi. Safari hii hakukunja miguu; alikaa ukingoni mwa buia kama mtu mwenye safari.

“Nimekuja na bubuti.”

“Mama yangu!” Nei Kaiue aliruka jikoni. “Safari hii unataka figo?”

“Harusi ni Jumamosi,” Nei Tiebane alimwambia Rakera, bila kumtazama Kaiue. “Ndege ya wiki hii haikuleta mzigo wetu. Akinete hana gauni. Nakububuti lile lako.”

Rakera alikwenda mwenyewe ndani akalitoa ukutani. Akalikunja polepole mapajani, mkono huu, mkono huu. Halafu akauliza neno lililokuwa limemkaa kooni wiki zote zile.

“Shangazi, Biribo anakula?”

“Nani?”

“Biribo. Analala vizuri? Hapa gatini nikimwona ananigeuzia mgongo. Mwambie... ukipata nafasi, mwambie anisamehe. Sikupenda kumuumiza.”

Nei Tiebane aliangalia miguu yake. Akafuta jasho. Akaangalia tena miguu yake.

“Usinitume maneno hayo, mtoto.”

“Neno moja tu, shangazi.”

“Basi, basi! Utaniua wewe.” Yule mama alijipiga paja. “Unamwomba nani msamaha? Ni yeye aliyenituma!”

Kuku waliendelea kudonoa. Nei Kaiue akaweka kisu chini, akaja karibu.

“Alikutuma?” Rakera aliuliza.

“Akinete ana mimba yake. Aliponijia ilikuwa miezi minne, sasa mitano na ushee. Alilia magotini pangu, akasema hawezi kukwambia usoni. Akaniambia, shangazi, mwombe kwa bubuti, Rakera hajui kukataa. Naye ni mtoto wa kaka yangu, ningefanya nini? Na mimi alinibubuti.”

“Na ahadi ya marehemu?”

“Marehemu hakuahidi kitu. Marehemu alikuwa hakumbuki hata alipoacha kofia yake.”

Rakera akaendelea kulikunja lile gauni, ingawa lilishakunjika. Akalifungua, akalikunja upya.

Nei Tiebane akakohoa.

“Sasa... gauni?”

“We mwanamke huna hata haya ya kuazima!” Nei Kaiue alipaza sauti.

“Sina! Lakini Jumamosi ni siku tatu tu, dada yangu, bibi harusi atavaa pazia?”

Rakera akamwekea gauni mikononi. “Mwambie fundi afumue mishono ya ubavuni,” alisema. “Niliacha kitambaa cha kutosha. Miezi mitano itaingia.”

Nei Tiebane alipoondoka alikuwa analia. Rakera hakulia. Alichukua simu akampigia mkuu wa kambi.

“Kesho nipange boti moja na Biribo.”

“Si ulikataa?”

“Kesho nipange.”

Alhamisi walikuwa na mgeni mmoja tu, mzee Okabe, daktari wa meno kutoka Japani, mwenye goti bovu. Kwa goti hilo alihitaji waongozaji wawili, mmoja kila upande, asije akaanguka kwenye matumbawe. Maji yalikuwa yanaanza kujaa, meupe juu ya mchanga, ya bluu kule mwamba unapokatika. Wakatembea watatu sambamba, mzee katikati na ufito wake mrefu wa kuvulia.

Kwenye kazi ile sheria ni moja: kimya. Ikari, yule samaki wanayemfuata wageni, anasikia unyayo wako kabla hujauweka. Ukipiga hatua kwa pupa, ukiinua sauti, unamwona mkia tu, na mgeni aliyesafiri siku mbili kumfuata anakutazama kama umemwibia.

“Shangazi yako alikuja jana,” Rakera alinong'ona.

Biribo aliendelea kutazama majini. “Kwa ajili ya gauni. Asante.”

“Usinishukuru.” Akamgusa mzee bega, akamwambia kwa Kiingereza cha kazini, “Kushoto, mzee. Wawili. Hatua ishirini. Tupa.”

Mzee akatupa. Mshipi ukaruka ukajinyoosha, ndoano ikatua karibu mno. Ikari wakapita.

“Amesema ni wewe uliyemtuma,” Rakera akamalizia.

Mguu wa Biribo uliteleza, maji yakalia chubwi. Mbele yao vivuli kama kumi vikatawanyika kwa mpigo.

“Usikanyage hivyo,” Rakera alinong'ona. “Unafukuza samaki wa watu.”

“Rakera, si hapa.”

“Ni hapa hapa. Nchi kavu ungenikimbia.”

Mzee Okabe aliwatazama mmoja mmoja kwa matumaini. “Wako wengi?”

“Wanakuja, mzee,” Biribo alimjibu. Kisha kwa lugha yao, pole pole, midomo haichezi, “Niliogopa.”

“Uliogopa! Wewe unayempiga papa kofi la pua?”

“Papa halii. Nilikuwa natoka nyumbani asubuhi maneno yako mdomoni. Nikifika nakukuta umeinama unanivikia ndoano, unaniambia hii ya leo, hii ya kesho. Yanarudi tumboni.”

“Ungeyatapika, Biribo. Ningekufutia mdomo.”

“Ilikuwa mara moja tu, ile wiki mliyokwenda Tarawa kumzika bibi yako.”

“Kumbe mimi namzika bibi, wewe unapanda mtoto.”

“Rakera...”

“Kisha niliporudi ukanipeleka Paris ukapiga goti.”

“Nilikuwa sijui kuhusu mimba. Naapa. Goti lile lilikuwa la kweli.”

“Na kule kanisani, kichwa chini, watu wakinitemea mate? Kichwa kile nacho kilikuwa cha kweli?”

“Kulia, mzee,” Rakera akasema, “mmoja, anakula. Tupa mbele yake, usimtupie kichwani.” Mzee akatupa, akakosa, akacheka mwenyewe. Wote wawili wakamchekea, ndiyo kazi.

Halafu Biribo akasema neno ambalo Rakera hakuwa amejiandaa nalo.

“Na wewe ulinitoa.”

“Nini?”

“Nilikuwepo siku ile. Nyuma ya tangi la maji, juu ya pikipiki. Mimi ndiye niliyemleta shangazi.” Akausogeza mguu taratibu mchangani. “Nilijiambia, akikataa, akimfukuza, akisema Biribo simtoi, basi nitaingia. Nitamwambia yote, anipige, lakini tutajua la kufanya wawili. Nikasubiri. Kaiue alipiga kelele, wewe hukupiga. Ukasema chukua. Kama unatoa nguruwe. Hata nguruwe ulimtetea, ulisema amekonda.”

Maji yalikuwa yamefika juu ya magoti. Rakera alisimama wima, mkono bado uko mgongoni kwa mzee, akihisi mzee anavyopumua. Sasa kwa nini lile neno liliingia ndani kuliko mimba, kuliko gauni? Kwa sababu lilikuwa na ukweli mdogo ndani yake, na ukweli mdogo unachoma kama mwiba wa samaki, huuoni lakini kila ukimeza upo.

“Mzee,” Biribo akasema ghafla, sauti nyingine kabisa. “Usisogee.”

Kutoka kwenye maji ya bluu lilikuwa linakuja dude jeusi, pana, mgongo unakata maji. Kolekole wa kimo cha mtoto wa shule. Rakera alishampokonya mzee ule ufito mdogo na kumpa mkubwa aliokuwa ameubeba mgongoni, kabla hajajua. “Tupa mbali. Mbali zaidi. Sasa vuta, vuta haraka, usiache!”

Kolekole akageuka, akafungua kinywa kama ndoo. Mshipi ukalia. Mzee Okabe akapiga yowe lililosikika Japani, goti bovu likasahaulika, Biribo akamkumbatia kiuno asikokotwe, Rakera akakimbia mbele kuutenga mshipi na matumbawe kwa mikono mitupu, unamkata viganja. Robo saa nzima hawakuwa na ugomvi. “Mlegezee!” “Zunguka huku!” “Rakera, chini ya jiwe!” “Nimeuona!” Walikuwa kama miaka yote, kila mmoja anajua mwenzake atakanyaga wapi.

Biribo akamshika mkia, Rakera akamshika chini ya taya, wakamwinua mbele ya mzee anayelia machozi. Akapigwa picha. Wakamrudisha majini, wakamshikilia mpaka akapata pumzi, wakafungua mikono kwa pamoja. Akaondoka bila haraka.

Mzee aliwainamia, huyu, na huyu. “Mnafanya kazi kama mwili mmoja,” alisema kwa furaha. “Nyinyi ni mke na mume?”

Biribo alimtazama Rakera. Usoni alikuwa na kitu kama cha mtoto anayetaka kubebwa.

“Hapana, mzee,” Rakera alijibu. “Huyu ni mume wa mtu. Anaoa Jumamosi.”

Mzee akampa Biribo mkono wa pongezi, akautingisha muda mrefu.

Walipokuwa wanamrudisha kwenye boti, Biribo akanong'ona kwa haraka, kama anayekimbizana na maji. “Bado sijaoa. Leo ni Alhamisi. Sema neno moja tu, nitakwenda Banana sasa hivi, nitawaambia. Mtoto nitamlea, lakini...”

“Usimalize.”

“Rakera, nakupenda wewe.”

“Najua. Ndiyo inayonitia uchungu. Ungekuwa hunipendi ningelala.” Alimpandisha mzee botini, akamfunga kamba ya kofia, akamgeukia Biribo. “Nilikosa. Nilikutoa upesi, na sitajisamehe mapema. Lakini kutoka kwenye lile tangi mpaka kwenye buia langu ni hatua thelathini. Mzee mwenye goti bovu anatupa mshipi unafika. Wewe ulikaa juu ya pikipiki, unasikiliza.”

“Nilikuwa nasubiri unipiganie.”

“Nami nilikaa na simu mpaka wali ukakauka, nasubiri wewe.”

Biribo akainamisha kichwa. Safari hii hapakuwa na mtu wa kumwonyesha.

“Nenda kwa mwenzio,” Rakera akasema. “Anakusubiri na gauni langu. Naye usimtumie shangazi. Ukiwa na neno, mwambie kwa mdomo wako.”

Rakera hakupanda boti. Maji yalikuwa yameshajaa, ikari wamejipanga ukingoni mwa mchanga kwa mamia, mikia inameta, saa nzuri kuliko zote. Fito zilikuwa zimekunjwa, mishipi imeviringishwa. Rakera aliwapa mgongo akatembea kuelekea kule kina kifupi, na kila hatua alikanyaga maji kwa nguvu, chubwi, chubwi, kama mtoto mwenye hasira. Alipofika katikati ya wale samaki alikunja ngumi kwa mikono iliyokatwa na mshipi, akafungua mdomo, akalia kwa sauti yake yote.

Mwamba mzima ukatikisika kwa mikia. Kufumba na kufumbua, hapakubaki hata kivuli.

Mzee Okabe alisimama botini, ameshtuka. “Kuna nini? Papa?”

Biribo alijifuta uso kwa mkono wa shati.

“Hapana, mzee,” akasema. “Uvuvi umekwisha.”